Loomis hakuunda rada peke yake, na magnetroni ya maikrowevu haitakupa rada

SWALI: Nimesoma habari za Alfred Loomis, tajiri wa Marekani ambaye hakusomea fizikia lakini alivumbua rada nyumbani kwake wakati wa Vita Vikuu vya Pili. Mimi ni fundi redio wa mtaani, sina digrii. Nina maikrowevu mbili mbovu. Nikichomoa magnetroni zake, naweza kuunda rada ya ngalawa ili wavuvi wetu wasigongwe na meli usiku?
Msomaji, Tanga

JIBU: Mdogo wangu, usizifungue hizo maikrowevu, hata kama waya umeshautoa ukutani. Nitakueleza kwa nini, ila kwanza tuondoe hii hadithi ya Loomis, maana kila mwezi naulizwa swali linaloanzia hapo hapo.

Loomis hakuvumbua rada, na magnetroni ya nguvu, kifaa kinachotoa mawimbi mafupi ya redio, haikuwa yake. Iliundwa na John Randall na Harry Boot katika Chuo Kikuu cha Birmingham, ikawaka mara ya kwanza Februari 1940. Wahandisi wa viwandani Uingereza wakaiboresha hadi ikatoa kilowati 10 kwa urefu wa wimbi wa sentimita 10. Septemba mwaka huo Waingereza waliivusha Atlantiki kwa siri, wakamwonyesha Loomis na wenzake. Watu wake walikuwa tayari wanahangaika na mawimbi mafupi katika maabara yake ya Tuxedo Park, lakini vifaa vyao havikuikaribia nguvu hiyo. Alichofanya Loomis ni kuelewa papo hapo alichokishika mkononi. Alikuwa mwenyekiti wa kamati ya serikali ya mawimbi hayo, na waziri wa vita, Henry Stimson, alikuwa binamu yake. Kabla mwaka haujaisha, maabara ya rada ilikuwa imefunguliwa katika chuo cha MIT. Vita vilipokwisha ilikuwa na watu wapatao 4,000. Hiyo ndiyo rada unayoisoma kama kazi ya mtu mmoja sebuleni.

Hata LORAN, mfumo wa kuongoza meli na ndege ambao wazo lake kweli lilitoka kwake, haukubaki alivyoupendekeza. Yeye alifikiria megahezi 30 hivi. Wahandisi walipojaribu wakashuka hadi karibu megahezi 2, kwa sababu usiku mawimbi hayo hudunda angani na kufika mbali baharini.

Tena Loomis huitwa mwanasayansi "wa ridhaa", yaani asiyelipwa, na neno hilo linawapoteza wengi. Loomis alisoma hisabati Yale na sheria Harvard. Katika Vita Vikuu vya Kwanza alibuni chombo cha kupima kasi ya risasi za mizinga. Baadaye alinunua saa tatu za Shortt, zilizokuwa miongoni mwa saa sahihi kuliko zote duniani, na kwa miaka mingi alifanya utafiti bega kwa bega na maprofesa. Kazi hiyo hakulipwa mshahara, lakini hakuruka hatua hata moja ya kupima.

Sasa ngalawa yako. Mwangwi wa meli iliyo kilomita 1 unarudi baada ya mikrosekunde 7 hivi. Kwa hiyo rada ya magnetroni lazima ipige pigo fupi, la mikrosekunde 1 au pungufu, kisha inyamaze isikilize. Magnetroni ya jikoni, kwa jinsi inavyolishwa umeme, hupiga kelele kwa milisekunde kadhaa mfululizo. Mwangwi unarudi huku yenyewe bado inapiga kelele, na kipokezi hakisikii kitu. Hapo huna rada. Una joto lililoachwa wazi mbele ya macho ya wavuvi, na jicho ni kiungo kisicho na damu ya kutosha kulipoza. Matokeo yake ni mtoto wa jicho.

Kinachohitajika ni meli ikuone wewe. Meli kubwa tayari zina rada, shida ni kwamba mbao haziakisi vizuri. Chukua bati tatu za alumini za sentimita 30, ziunge zikutane kwa pembe mraba kama kona ya chumba, tengeneza kona kama hizo kadhaa zikitazama pande zote, kisha zipandishe juu ya mlingoti. Tumia skwea ya seremala, maana pembe ikipinda digrii chache tu mwangwi unafifia. Taa iendelee kuwaka vile vile.

Nirudi kwenye maikrowevu, na hapa nawaambia wote. Transfoma yake hutoa volti 2,000 hivi, kapasita na dayodi huzifikisha karibu 4,000. Kapasita hiyo hubaki na chaji baada ya kuzimwa. Kuna rezista ndani ya kuimwaga, lakini ikikatika huwezi kuiona kwa nje. Kijana mmoja alikuja karakanani kwangu na tundu jeusi kwenye kidole gumba na lingine kwenye kiwiko, pale umeme ulipoingia na kutokea. Alikuwa amefuata video ya dakika nne. Aliyeirekodi hakutaja kapasita hata mara moja. Wengine huzitumia transfoma hizo kuchoma michoro kwenye mbao, na watu wamekufa kwa mchezo huo katika nchi kadhaa. Fyuzi ya nyumba haikuokoi, kwa sababu mkondo unaokuua ni mdogo sana kuweza kuikata.

Hizo zako mbili, zipeleke kwa fundi wa friji na maikrowevu mwenye vifaa vya kumwaga chaji, azivunje yeye.