Kesi ya vurugu za gesi itaniponza nikigombea uongozi wa chama?

SWALI: Wakili, pole na kazi. Mimi ni mwanamke wa miaka 35, naishi Nachingwea. Tangu nikiwa chuo ni mwanaharakati: nimepigania gesi ya Mtwara isipelekwe Dar es Salaam, bei ya korosho, na sasa mashamba ya wajane. Mei 2013 nilikamatwa Mtwara mjini na wenzangu, tukashtakiwa kwa mkusanyiko usio halali. Mwaka 2014 kesi iliondolewa, yaani nilishinda. Sasa nataka kugombea uenyekiti wa jumuiya ya wanawake ya chama changu ngazi ya wilaya. Fomu inauliza kama nimewahi kushtakiwa, na wapinzani wangu wameshaanza kupitisha maneno kwamba nina rekodi chafu. Kuna mtu anasema ana watu wake mahakamani. Kwa shilingi 350,000 atalitoa jalada langu na kunitengenezea kiapo kwamba sijawahi kushtakiwa. Wenzangu wawili amewasafisha. Nimpe? Na shirika ninaloliongoza, niachie ngazi sasa au nisubiri matokeo?

JIBU: Usimpe, dada yangu, hata nauli ya bodaboda. Na kama ameshachukua cha kuanzia, usikifuate, mwachie. Nimekujibu wewe kabla ya wengine kwa sababu kila vyama vinapofungua fomu za uchaguzi wa ndani, huku kwetu Mtwara na Lindi watu hawa huibuka, na barua ninazopata zinafanana mpaka bei.

Kwanza, futa neno "nilishinda". Upande wa mashtaka ukiondoa kesi kabla hujaanza kujitetea, mahakama inakuachia, basi. Haijasema una hatia, haijasema huna. Kisheria hata kushtakiwa upya kwa jambo lilelile inawezekana, ingawa kwa vurugu za mwaka 2013 sioni nani atajisumbua. Kushinda ni pale ushahidi unaposikilizwa na hakimu akakuachia huru. Na ipo hali ya tatu inayowachanganya wengi, kuachiwa kwa masharti, ile ya kuambiwa nenda ila usitende kosa kwa miezi kumi na miwili. Huyo ametiwa hatiani, amenusurika kifungo tu. Wapo wagombea wanaotamba majukwaani kwamba "mahakama iliniachia", ukifungua jalada unakuta mtu alikiri kosa.

Kwa hiyo kabla ya kugusa fomu, jua jalada lako linasemaje. Andika barua kwa hakimu mfawidhi wa mahakama iliyosikiliza shauri, omba nakala ya amri iliyoliondoa. Namba ya kesi ukiwa umeisahau, jina, mwezi na mwaka vinatosha kuanza kutafuta kwenye rejista. Jalada la miaka ile ni gamba la karatasi ngumu, majina ya washtakiwa yamepangwa kwa namba, ndani kuna mwandiko wa hakimu kwa Kiingereza cha mkato. Amri yenyewe mara nyingi haizidi mistari mitatu: mwendesha mashtaka ameomba kuliondoa shauri, ombi limekubaliwa, washtakiwa waachiwe kama hawashikiliwi kwa kosa jingine. Tarehe, saini. Mistari hiyo, ikiwa na muhuri wa mahakama kuthibitisha kuwa ni nakala halisi, ndiyo unayoihitaji, na ada yake inalipwa kwa risiti.

Sasa niseme linalonikera. Watu wanazungumza kana kwamba kushtakiwa na kutiwa hatiani ni kitu kimoja. Wapinzani wako wanasema hivyo kwa makusudi. Linaloniumiza ni kwamba hata nyie wanaharakati, mliofundisha vijijini haki za raia, mnaanza kuamini. Ibara ya 13(6)(b) ya Katiba ya mwaka 1977 inakataza mtu aliyeshtakiwa kwa jinai kutendewa kama mwenye kosa mpaka ithibitike kuwa ana hatia. Hiyo si hisani ya chama chochote.

Tazama hata sifa za ubunge, ambazo ni nzito kuliko za cheo unachokitaka. Ibara ya 67 inamzuia aliyehukumiwa kifungo kinachozidi miezi sita kwa kosa linaloambatana na utovu wa uaminifu, na inamzuia aliyetiwa hatiani kwa kukwepa kodi ndani ya miaka mitano kabla ya uchaguzi. Yapo mengine, lakini kusimama barabarani na kusema gesi haitoki halimo. Nafasi za ndani ya chama zinaongozwa na katiba na kanuni za chama chenyewe, kwa hiyo kazisome, usitegemee unachosikia kwenye vikao vya kahawa. Ila sijaona chama makini kinachomfungia mlango mtu kwa kesi iliyoondolewa.

Halafu angalia anachokuuzia huyo bwana. Kumpa karani pesa ili jalada lipotee ni rushwa, na kwa Sheria ya Kuzuia na Kupambana na Rushwa ya mwaka 2007 mtoaji na mpokeaji wote wamo. Kuharibu kumbukumbu za mahakama ni jinai. Kuapa uongo ni jinai. Makosa ya namna hiyo ndiyo yanayoitwa utovu wa uaminifu! Yaani una shtaka la mwaka 2013 lisilokuzuia kitu, na unataka kulificha kwa makosa ambayo ukipatikana na hatia yatakufungia njia kweli.

Na jalada halitoki. Hebu fikiri: mlikuwa wangapi kizimbani? Kila mmoja wenu ana hati ya mashtaka, au aliwahi kuwa nayo, yenye jina lako. Polisi wana jalada lao, ofisi ya mashtaka ina lake, rejista ya mahakama ina mstari wako katikati ya mistari ya watu wengine. Wadhamini wako wapo na wanakumbuka siku waliyokuja kukuwekea saini. Vurugu zile ziliandikwa magazetini nchi nzima. Huyo bwana ataondoa kipi, kwa laki tatu na nusu?

Viapo vyake ninavijua, nimewahi kuletewa. Karatasi imetolewa nakala mara nyingi mpaka herufi zimefifia, panapojazwa jina pameachwa nukta, na sehemu ya dini wameacha "Mwislamu/Mkristo" bila kukata isiyohusika. Chini kuna muhuri wa kamishna wa viapo usiosomeka jina, na tarehe imetangulia siku ambayo mteja aliitia saini. Karatasi hiyo ikifika mbele ya kamati ya maadili ya chama, mpinzani wako hahitaji kuongeza neno.

Hao wenzako wawili, kwa taarifa yako, hawajasafishwa. Wamemkabidhi mtu siri yao na ushahidi kwamba walimlipa. Huyu ni mtu wa kangomba, yule mlanguzi wa korosho, ila wa siasa: anakuja ukiwa umebanwa, anapima kwa bakuli lake, anachukua kwa bei ya kutupa, na msimu ukichanganya anauza kwa mwingine. Mwingine huyo anaweza kuwa mpinzani wako.

Kwenye fomu andika "Ndiyo". Kisha mahakama gani, namba ya shauri, kosa uliloshtakiwa, na kwamba shauri liliondolewa tarehe fulani. Ambatisha nakala ya amri. Usiongeze hotuba. Ukiwekewa pingamizi, taka lije kwa maandishi, nawe lijibu kwa maandishi, ubaki na nakala iliyogongwa muhuri wa kupokelewa. Wagombea wengi hulipuuza hili, halafu wanakuja ofisini kwangu na maneno matupu. Vyama havina ruhusa ya kukuhukumu vyovyote vinavyotaka. Desemba 2023 Mahakama Kuu ilitengua uamuzi wa Baraza Kuu la CHADEMA kuhusu kufukuzwa uanachama kwa Halima Mdee na wenzake 18, kwa kuwa waliokaa kwenye Kamati Kuu iliyowafukuza walikaa tena kwenye Baraza kusikiliza rufaa yao. Lakini mahakama itakuuliza kwanza kama umemaliza ngazi za rufaa ndani ya chama, na itataka karatasi.

Upo ugonjwa wa upande wa pili, nao sina subira nao. Ni wa mwanaharakati anayeficha kesi kwenye fomu, kisha jukwaani anaihesabu kesi hiyohiyo kama shahada. "Mimi nimelala mahabusu kwa ajili yenu." Sawa, pole. Ulidai nini, na mwananchi alipata nini? Bomba la kutoka Madimba kwenda Dar es Salaam lilijengwa, gesi ikaenda. Mjumbe wa Ruponda ana haki ya kukuuliza: baada ya hapo ulifanya nini? Uliwahi kukaa na diwani mkafuatilia ushuru wa huduma ambao halmashauri zinadai kwa kampuni za gesi? Msimu wa 2018 Serikali ilipotangaza kununua korosho kwa shilingi 3,300 kwa kilo na malipo ya wengine yakachelewa, ulikuwa na orodha ya wakulima wenye stakabadhi mkononi, au ulikuwa na picha za mtandaoni?

Hiyo ndiyo rekodi. Barua ulizoandika na majibu yake, mihtasari ya mikutano ya kijiji yenye mahudhurio, hukumu ya baraza la ardhi la mjane aliyerudishiwa shamba. Unayo, nina hakika, maana kazi ya mashamba ya wajane haifanyiki bila karatasi. Tundu Lissu alipochaguliwa mwenyekiti wa CHADEMA Januari 2025, kwa kura 513 dhidi ya 482 za Freeman Mbowe, alikuwa na miaka mingi nyuma yake ya uanasheria wa mazingira, tangu alipokuwa LEAT, shirika la wanasheria wa mazingira, akifuatilia madai ya wachimbaji wadogo wa Bulyanhulu. Kukubali au kutokubali siasa zake ni hiari ya mtu. Ninachotaka ukione ni kwamba kazi ile iliandikwa, na kesi zake hazikuwa siri: rafiki angeweza kuzisoma, na adui pia.

Kuhusu shirika, jibu ni fupi: achia sasa. Sheria ya Mashirika Yasiyo ya Kiserikali ya mwaka 2002 inayataka yasifungamane na chama. Ukichukua fomu ukiwa bado mkurugenzi, unaliponza shirika. Andika barua ya kujiuzulu kwa bodi, kabidhi daftari la hundi na funguo za gari, toa jina lako kwenye wenye saini benki, pata hati ya makabidhiano. Usiende kuomba kura na fulana za mradi. Na hesabu zilizokaguliwa ziwe tayari, kwa sababu mpinzani mwenye akili hatasumbuka na mkusanyiko wa 2013, ataulizia posho za semina. Hapo sina amri ya mistari mitatu ya kukuokoa.

Nirudi kwa hawa wasafishaji, maana wako wa aina nyingi. Yuko wa kufuta jalada. Yuko wa kufuta mtandaoni, anayekutoza ili afute video zako za zamani wakati watu wameshazihifadhi kwenye simu zao. Yuko anayejua wajumbe wote wa wilaya na anataka "bahasha ya kuwaweka sawa". Tangu Mahakama Kuu ilipovifuta mwaka 2006 vifungu vya takrima, vilivyomruhusu mgombea kuwakirimu wapiga kura, bado nasikia watu wanaiita ukarimu, na wajumbe nao wanaipokea kwa mikono miwili kisha wanampigia kura aliyetoa zaidi. Yuko hata wa kupeleka majina ya wajumbe kwa mganga. Huyo angalau hakuachii karatasi ya kukufunga. Wote wanategemea kitu kimoja, mgombea aliyeshikwa na hofu ya historia yake mwenyewe. Kijana aliyewahi kushtakiwa kwa maandamano, mama aliyewahi kugombana na bodi ya AMCOS, chama cha ushirika cha wakulima, mwalimu aliyewahi kuhamishwa kwa mdomo wake. Hakuna hata mmoja kati yao aliyekuwa na cha kuficha, mpaka alipomlipa mtu akifiche.

Wale mlioniandikia kutoka Masasi na Liwale kuhusu mtu anayefanana sana na huyu, jibu ni hilihili. Kama mmeshatia saini kiapo lakini hamjakiwasilisha popote, msikiwasilishe. Njooni na nakala, au nendeni kwa wakili yeyote aliye karibu. Kama mmeshakiwasilisha, njooni haraka zaidi, kabla kamati haijakaa. Na anayekudai pesa ili asikuseme, usibishane naye kwenye simu. Hifadhi ujumbe wake, usifute chochote, piga TAKUKURU, taasisi ya kupambana na rushwa, namba 113. Ni bure.