Usilipe hiyo kozi ya projekta, mkuu

Mleta uzi, weka simu chini, usitume hiyo advansi. Nimesoma ulichoandika: kozi ya huduma ya kwanza kwa watu 12 wa kiwanda chenu cha minofu ya samaki hapo Igogo, Mwanza, mkufunzi anakuja na projekta, masaa matatu tu, vyeti vinatoka siku hiyohiyo, tena amekuahidi "hakuna kulala chini wala kuchafuana". Hapo kwenye kulala chini ndipo chai ilinimwagikia. Maneno hayohayo niliambiwa mimi miaka minne iliyopita, na wala sina hakika kama si mtu yuleyule.

Sisi tulikuwa 14, shilingi 45,000 kwa kichwa. Piga hesabu, 630,000. Mimi ndiye niliyempeleka kwa bosi na kumsifia kwamba ana bei nzuri. Kazi yetu ni kupokea sangara mwaloni, kupima, kutia barafu, kupakia. Basi jamaa akaja na tai yake, akafunga pazia, akawasha mashine. Dakika 40 nzima alikuwa kwenye MV Bukoba. Yaani unakuja Mwanza, kwenye chumba chenye watu waliozika ndugu zao baada ya ile tarehe 21 Mei 1996, halafu wewe ndiye unawahadithia meli ilivyozama! Mama mmoja wa mizani alitoka nje na hakurudi. Ikaja soda. Ikaja nusu saa ya majina ya mifupa. Kuzama maji kulipewa slaidi moja. Moja, mkuu, na sisi tunashinda juu ya maji. Kulikuwa na mchoro wa mtu amening'inizwa kichwa chini, mwenzake anambonyeza tumbo. "Kwanza mkamue maji," akasema, "huwezi kutia hewa kwenye ndoo iliyojaa." Tukacheka, tukamwona ana akili. Wengine waliandika, mimi niliandika na kupigia mstari.

Cheti changu nilikitia laminesheni. Mke wangu akanunua fremu. Cheka tu, nimeshazoea.

Miezi saba baadaye, asubuhi ya mvua, kijana wetu wa kupakua aliteleza kati ya mtumbwi na gati. Mbao zina ute wa samaki, miguuni ana mabuti ya mpira, mabuti yakajaa maji. Wenzake walidhani anatania. Alikaa chini muda ambao mpaka leo kila mtu anautaja kwa dakika zake. Walipomtoa wakamlaza juu ya mbao, midomo imebadilika rangi, hapumui. Watu wote wakageuka kunitazama mimi, mwenye fremu ukutani.

Nikafanya nilichopigia mstari. Tulimshika miguu watu watatu tukamwinua kichwa chini, nikaanza kumkamua tumbo. Maji yakatoka. Umati ukapiga kelele "yanatoka, yanatoka!" nami nikajiona daktari bingwa. Mkuu, yale yalikuwa maji ya tumboni. Siyo yaliyokuwa yamemzuia kupumua. Nilichokuwa nafanya ni kuyapandisha na matapishi mpaka kooni, yapate njia ya kuingia mapafuni, na muda wote huo ubongo wa mtoto wa watu unangoja hewa. Halafu akatoa mkoromo. Kimya. Mkoromo mwingine. Nikapayuka "anapumua!" na kuwaamuru watu wote wasimguse. Sangara ukimtupa kwenye mbao naye anafunua mdomo hivyohivyo, na hakuna anayesema anapumua. Mikoromo ya namna ile huja moyo ukiwa umesimama. Huko slaidi haikufika.

Nikatuma mtu akalete boksi la huduma ya kwanza. Usiniulize nilitegemea kukuta nini humo, labda plasta ya kubandika mapafu. Boksi lina kufuli. Ufunguo anao mtunza stoo. Mtunza stoo yuko kwenye supu.

Aliyetuokoa ni dogo wa kampuni ya jirani, dereva wa folklifti. Alinisukuma, na si kwa adabu, nikaenda kukalia kreti ya barafu. Akamlaza chali, akainua kidevu, akambana pua, akapuliza mara tano, na kila pumzi kifua kikawa kinapanda. Kisha mikono miwili katikati ya kifua, anashindilia na kuhesabu kwa sauti, 30, pumzi mbili, 30, pumzi mbili. Alipochoka akaniita nimpokee. Nikabonyeza kama mtu anayejaribu embe kama limeiva. "Shindilia, mzee! Unamwonea huruma ya nini?" Sentimita tano mpaka sita kwenda chini, mara 100 hadi 120 kwa dakika, na kifua ukiache kirudi juu kila mara. Namba zote hizo nilikuwa nazo daftarini. Mikono ndiyo haikuwa nazo. Nilipofika ishirini na kitu nilikuwa nahema kwa niaba yetu wote wawili.

Pumzi zilimrudia kabla gari halijafika. Alilazwa siku 11. Yuko hai, na sasa ana mtoto. Ila zamani alikuwa anajumlisha kreti kichwani kabla karani hajashika kalamu. Siku hizi anahesabu kwa vidole, na ukimtuma vitu vitatu anarudi na kimoja. Hakuna daktari aliyeniambia kwamba ni dakika zangu zile. Hakuna mtu aliyeniambia. Mama yake akiniona ananishukuru kwa kumwokoa mwanawe, na mimi nikimwona kwa mbali nabadilisha njia.

Nilimpigia yule mkufunzi. Unajua alinijibu nini? "Kila mkufunzi ana mtindo wake." Mtindo! Kama vile nilimwuliza habari za kunyoa. Nikamwambia arudishe hela, akanitumia picha ya cheti chake.

Yule dogo alisoma kozi ya siku mbili kwa muuguzi wa chumba cha dharura, midoli sita ya kufanyia mazoezi kwa watu 18. Nikalipa kwa mfuko wangu nikaenda hukohuko. Mdoli wenyewe una kitu ndani kinalia "tak" ukifikisha kina. Wangu ulikaa kimya asubuhi nzima, mkufunzi ananizunguka tu anaguna. Nilipopuliza, hewa yote ikatokea puani kwa sababu nilisahau kumbana pua. Aibu hiyo afadhali uipate mbele ya plastiki. Jioni magoti yalikuwa yamechubuka, shati unaweza kulikamua, na hapo ndipo ruhusa ya kukamua ilipoishia, maana alituambia wazi: aliyezama hakamuliwi. Moyo wake umesimama kwa kukosa hewa, kwa hiyo unaanza na hewa. Akitapika mgeuze ubavu, safisha mdomo, endelea. Hata akiamka na kusema yuko sawa anataka kurudi kazini, hospitali lazima, kwa sababu mapafu yanaweza kumgeuka saa kadhaa baadaye.

Mtu wako asipobonyeza mdoli kwa mikono yake mpaka shati lilowe, hajafundishwa. Mengine utanidanganya, hilo hapana. Na usinijie na ile ya "OSHA wakija wanataka vyeti tu", wale wakaguzi wa serikali wa usalama kazini. Najua kuna Sheria ya Usalama na Afya Mahali pa Kazi ya 2003, najua mkaguzi atauliza karatasi. Mkaguzi hajawahi kuwepo siku mtu anateleza.

Najua utasema nyie wa kiwandani hamzami, kwenu ni visu na amonia ya majokofu. Sawa. Basi wafanye zoezi la kugandamiza jeraha la mwenzao bila kuachia kila dakika kuchungulia, na zoezi la kutokimbilia ndani ya chumba chenye amonia kumfuata aliyeanguka, maana hapo mtabeba wawili. Zoezi, siyo picha.

Uliuliza pia cheti kinadumu muda gani, na kama upeleke wote 12 au wanne tu, na kuna swali jingine sasa silioni, nimeshashuka mbali na zamu inaanza. Kama hela ndiyo hiyo, peleka wanne, ila wapige magoti. Mpigie jamaa sasa hivi, mwulize ana midoli mingapi. Akianza "tutaangalia kwenye video", kata simu. Ukishakata, nenda kaulize ufunguo wa boksi lenu anao nani, tena nenda haraka, hii ni saa ya supu.