Kabla hujaenda Burketown kuruka na Morning Glory

Kila Septemba ikikaribia, marubani wenzangu wa Afrika Mashariki tunaoishi huku Australia huanza kunipigia simu. Wameona picha za Morning Glory, lile wingu refu la Ghuba ya Carpentaria kaskazini mwa Australia, leseni wanazo, wengine wameshapata hata ndege ya kukodi, na wanataka kujua namna ya kulipanda. Huwa nawajibu kwamba kulipanda ni kazi nyepesi kuliko wanavyodhani. Waniulize kwanza watarudije.

Nianze na wingu lenyewe, maana ushauri wangu wote unatokana na tabia yake. Burketown ni mji mdogo sana kaskazini-magharibi mwa jimbo la Queensland, kando ya Mto Albert, karibu na pwani ya ghuba. Kutoka Mount Isa ni zaidi ya kilomita 400 kwa barabara. Kati ya mwishoni mwa Septemba na mwanzoni mwa Novemba, kuna alfajiri ambazo wingu moja lililonyooka hutokeza upande wa kaskazini-mashariki, limeviringika kama mkeka, linakatisha anga kutoka upeo hadi upeo. Urefu wake unaweza kufika kilomita 1,000. Kimo chake ni kilomita moja hadi mbili, na tumbo lake huweza kuwa mita 100 au 200 tu juu ya ardhi. Linakuja kwa kasi ya kilomita 40 kwa saa, siku nyingine hata 60, na mara nyingi haliji peke yake: la pili linafuata, pengine na la tatu.

Chanzo chake kiko mbali, kwenye rasi ya Cape York. Mchana kutwa jua linaichoma ile rasi, na upepo wa bahari unaingia kutoka pande zote mbili: mashariki kutoka Bahari ya Matumbawe, magharibi kutoka ghubani. Jioni pepo hizo hukutana katikati ya nchi kavu. Ule wa mashariki una nguvu zaidi, na msukumano wao huzaa wimbi la hewa linalosafiri usiku kucha kuvuka ghuba kuelekea kusini-magharibi, juu ya tabaka la hewa baridi iliyotulia karibu na maji. Aliyekulia Kisumu au Mwanza anajua pepo mbili zikikutana huwa nini, kwa sababu usiku pepo za nchi kavu hukutana juu ya Ziwa Victoria na kuleta zile radi za alfajiri. Wimbi la Carpentaria lenyewe huja kimya.

Mbele ya wimbi hewa inapanda, inapoa, na mvuke unageuka wingu. Nyuma yake hewa inashuka na wingu linayeyuka. Kwa hiyo wingu hili linajengwa upande wa mbele na kubomoka upande wa nyuma muda wote linapotembea. Ukilielewa hilo, umeelewa robo tatu ya urubani wake: mbele unabebwa, nyuma unashushwa.

Wanasayansi walianza kulichunguza kwa vipimo miaka ya 1970. Watu wa kwanza kulipanda kwa glaida, yaani ndege isiyotegemea injini ikiwa angani, walikuwa Russell White na Rob Thompson, mwaka 1989. Tangu hapo marubani wa glaida huja Burketown kila msimu.

Sasa ushauri. Usije na glaida tupu isiyo na injini. Njoo na glaida yenye injini yake, ile unayoweza kupaa nayo mwenyewe, kuizima injini ukishafika mbele ya wingu, na kuiwasha tena ukitaka kuondoka. Ndege nyepesi ya kawaida nayo inaweza kulipanda kwa kupunguza moto hadi injini inanguruma chini kwa chini, ila mabawa yake mafupi hayana subira. Hewa inayopanda ikilegea kidogo tu, unaanza kushuka.

Kama hujawahi kuruka glaida kabisa, usifanye Morning Glory kuwa darasa lako la kwanza. Mimi nilikaa kwenye glaida kwa mara ya kwanza Mweiga, karibu na Nyeri, nikajifunza kufuata hewa inayopanda kwenye miteremko. Ujuzi ule ndio ninaoutumia hapa, tofauti ikiwa kwamba mlima wa Burketown unatembea.

Dalili za siku ya kesho zitafute leo. Mchana upepo wa bahari ukivuma kwa nguvu kutoka kaskazini-mashariki hadi jioni, na hewa ikawa nzito kwa unyevu, weka saa ya kuamsha. Wenyeji wana vipimo vyao: husema milango ya friji za baa ikishika ukungu na pembe za meza za mbao zikikunjamana kwenda juu, unyevu umetosha kutengeneza wingu. Mimi nimejifunza kuwasikiliza. Wimbi linaweza kupita asubuhi kavu bila wingu hata kidogo, na dalili hizo za baa zinahusu hasa unyevu.

Usiku ukiamka, angalia takwimu za vituo vya hali ya hewa vya kisiwa cha Mornington na cha Sweers, vilivyo ghubani kaskazini mwa mji. Mgandamizo wa hewa ukiruka ghafla na upepo ukageuka kwa mkupuo, wimbi limepita pale na liko njiani kuja kwako. Kukianza kupambazuka, picha za satelaiti ya Himawari, zinazotoka kila baada ya dakika 10, zitakuonyesha mstari wenyewe juu ya maji. Katika haya yote kituo cha kisiwani ndicho ninachokiamini zaidi, kwa sababu kinakupa na saa. Pima umbali, gawa kwa kilomita 40 kwa saa, au 60 kama ni siku ya kasi, utajua una muda kiasi gani.

Mwezi wa Oktoba jua linachomoza Burketown kama saa kumi na mbili na robo asubuhi. Sheria ya Australia inaruhusu kuruka kwa macho, yaani kwa kutazama nje badala ya kutegemea vyombo, kuanzia mwanga wa kwanza, kabla jua halijatoka, na dakika hizo ishirini na kitu ni za thamani kubwa. Ndege iwe imekaguliwa jana yake, mafuta yamejaa, vioo vimefutwa umande. Wimbi likiwa kilomita 20 au zaidi, paa uende kulipokea. Likiwa limeshakaribia uwanja, usipae. Hapa sina mjadala na mtu. Upepo wa chini hubadilika kwa mkupuo wakati mbele ya wimbi inapopita, na ndege iliyo mita chache juu ya ardhi kwa mwendo mdogo haina pa kujitetea. Ndege isiyoruka asubuhi hiyo ifungwe kwa kamba, mabawa yote mawili na mkia, kwa sababu mkupuo huohuo unaweza kuipindua ilipoegeshwa.

Ukishafika mbele ya wingu, utashangaa. Injini ukiizima, propela inasimama, na kinachobaki ni mlio wa hewa juu ya kioo. Kipimo cha kupanda kinaanza kulia kwa sauti inayopaa, na hewa ni laini kabisa, haina hata mtikisiko mmoja. Kwa kuwa jua liko upande wa pili, uso wa wingu ulio mbele yako uko kivulini, rangi ya kijivu yenye samawati, na ukingo wa juu tu ndio unaowaka dhahabu. Ukikaa karibu utaona mifereji midogo kwenye uso wake ikipanda kutoka chini, ikipita mbele ya macho yako, ikizunguka kileleni na kupotelea nyuma. Nimewahi kumpeleka mjomba wangu aliyekuja kututembelea kutoka Mombasa, mtu aliyefanya kazi baharini maisha yake yote. Alinyamaza muda mrefu, kisha akaniambia, “Mwanangu, hili ni wimbi la kusi hasa, ila bahari yake siioni.” Sijasikia mtu akilieleza vizuri zaidi.

Namna ya kukaa nalo ni hii. Usielekeze pua sambamba kabisa na wingu, kwa sababu linakufuata. Geuza pua kidogo upande wa kulikimbia, uwe unakwenda upande mmoja huku ukisogea nalo. Kipimo kikilegea, sogea karibu. Ukiona mwinuko umezidi, ongeza mwendo. Wengi hupita kilomita 150 kwa saa bila injini na bado hawashuki. Usiingie ndani ya wingu hata kwa sekunde chache. Ndani huoni upeo wala hujui uko umbali gani na upande wa nyuma, na nyuma ndiko hewa inakoshuka na kuchafuka.

Kisha kuna wenzako. Msimu ukiwa mzuri mnaweza kuwa ndege kadhaa kwenye mstari mmoja, wote mkitafuta hewa ileile, mwinuko uleule, wengine wakienda na wengine wakirudi. Ndege mbili zinazokuja uso kwa uso, kila moja kwa kilomita 150 kwa saa, zinamaliza kilomita mbili kwa sekunde 24. Glaida nyeupe nyembamba mbele ya wingu hutaiona mapema. Sisi hukubaliana kabla ya kupaa: aliye na wingu upande wake wa kulia anabaki alipo, aliye na wingu kushoto ndiye anayejitoa kwenda kulia, mbali na wingu. Na kila mtu anataja kwenye redio mahali alipo, mwinuko wake na upande anaoelekea, bila kungoja kuulizwa.

Nirudi kwenye lile swali la kurudi, kwa sababu ndilo watu wanalolipita haraka. Tuseme umelikuta wingu karibu na uwanja, ukaruka saa moja kuelekea kusini-mashariki, ukageuka, ukaruka saa moja kurudi. Machoni pako umerudi pale ulipoanzia. Ardhini, wingu limetembea saa mbili kwa kilomita 40, na uwanja uko kilomita 80 nyuma yako. Glaida yenye injini inayoweza kuteleza kilomita 28 kwa kila kilomita moja ya mwinuko haiwezi kufika, na hapo sijahesabu kwamba lazima uvuke ng'ambo ya wimbi, mahali hewa inaposhuka.

Kwa hiyo amua saa ya kuondoka ukiwa bado chini, uiandike kwenye karatasi ya mapajani, na ikifika uondoke hata kama wingu ni zuri namna gani. Ukiondoka, washa injini ukiwa bado mbele, kwenye hewa inayopanda. Iache ipate moto, hakikisha inavuta, ndipo upande juu ya kilele ukiwa na nafasi ya kutosha na kuvuka kwa mwendo. Kuna wanaovuka kwanza ndipo wawashe. Injini iliyopoa kwa saa mbili inaweza kukataa, na ikikataa upande wa nyuma unashuka huku ukitafuta pa kutua. Ikikataa mbele, bado umebebwa, na una muda wa kujaribu tena au kuchagua uwanda mzuri.

Msingoje wingu liwaambie kwamba muda umekwisha. Likiingia barani, ardhi inapata joto, hewa inakauka, na wingu linaweza kuyeyuka lote ukiwa unalitazama. Wimbi lenyewe huendelea kwa muda bila wingu, na kipimo kitakuonyesha kwamba bado unabebwa, lakini sasa huoni mbele iko wapi na nyuma iko wapi. Likianza kutoboka matundu, mimi huwa nimeshawasha.

Upande wa kwenda nao una maana pia. Mstari huu umelala kutoka kaskazini-magharibi hadi kusini-mashariki. Ukifuata kaskazini-magharibi uko juu ya ghuba, na sheria inadai jaketi la kujiokolea kwa ndege ya injini moja isiyoweza kuteleza hadi nchi kavu. Livae kabisa, kwenye chumba chembamba cha glaida hutapata nafasi ya kulivaa baadaye. Kifaa cha kuita msaada kwa satelaiti kiwe mwilini mwako, kisiwe kwenye begi. Maji yale yana mamba, hata kwenye midomo ya mito. Mgeni namshauri aanze na kusini-mashariki, ambako chini kuna nyanda za chumvi tambarare. Ila zikague kwa macho siku moja kabla, maana juu zinaonekana kavu na chini zinaweza kuwa tope la kumeza magurudumu.

La mwisho ni la mfuko na kalenda. Hakuna anayeweza kukuahidi wingu. Ukija kwa siku mbili unaweza kuondoka na picha za Mto Albert tu. Tenga wiki nzima au zaidi. Thibitisha mafuta ya ndege na malazi kwa simu kabla hujaondoka kwako, kwa sababu mji ni mdogo na msimu huo wageni ni wengi. Na anayetaka kuja lakini hana leseni, atafute kiti cha abiria kwa rubani aliyekwisha kuruka nalo, amuulize saa aliyopanga kuondoka kwenye wingu. Akikosa jibu, atafute rubani mwingine.