CNC yangu ndogo nichonge nini: alumini au plaiwudi?

SWALI: Mkuu habari za kazi. Nina mashine ya CNC (ya kuchonga kwa kuongozwa na kompyuta), zile ndogo za 3018, nataka kuchonga mkono wa kushikia kamera, urefu sm 25 upana sm 4. Nataka uwe mwepesi lakini imara. Nimepata bati la alumini la mm 3, nikijaribu biti (kile kisu kinachozunguka) inaganda na kukatika, nishavunja tatu. Nitumie matirio gani?

JIBU: Salama mkuu, pole na hizo biti. Kwanza tuelewane, kamera yako haitavunja kitu chochote hapo, iwe alumini iwe mbao. Shida yako ni kunesa. Mkono ukinesa hata kidogo video inatetema, kwa hiyo wewe hutafuti kitu chenye nguvu, unatafuta kisichonesa, na kwenye kunesa unene ndo kila kitu kwa sababu hesabu yake ni unene mara unene mara unene, yaani ukidabo unene ubao unakuwa mgumu mara 8.

Sasa chukua hilo bati lako, mkono mzima unakuja kama gramu 80. Plaiwudi nzuri ya mm 12 kwa vipimo hivyohivyo nayo inakuja gramu 80 hivi. Uzito uleule, ila unene ni mara 4, na 4 mara 4 mara 4 ni 64. Ni kweli alumini yenyewe ni ngumu kuliko plaiwudi mara 7 mpaka 10, lakini gawanya hapo, bado plaiwudi inashinda mara 6 na kuendelea! Watu wanadharau mbao wakati Waingereza kwenye vita kuu ya pili walirusha ndege ya kivita, de Havilland Mosquito, ambayo mwili wake ni plaiwudi na mti mwepesi wa balsa.

Ila isiwe plaiwudi ya kufungia dari. Chukua yenye matabaka membamba mengi, iangalie ubavuni, ukiona matundu iache. Nyuzi za tabaka la juu zifuate urefu wa mkono. Kama una kipande cha mninga kilichokauka vizuri nacho sawa kabisa, hautuni wala kusinyaa ovyo, ila mpingo usiuguse, ule unazama kwenye maji.

Kwa mashine yako tumia biti ya mm 3.175 yenye meno mawili, shuka mm 1 kila biti ikipita, spidi mm 500 kwa dakika, halafu hakikisha sehemu inayokata ina urefu wa mm 15 au zaidi maana nyingi zinaishia 12 na shingo itasugua mbao mpaka itoe moshi.

Plastiki ya vibao vya kukatia nyama inachongeka kama siagi lakini inanesa sana, asetali, plastiki ngumu zaidi ya hiyo, afadhali kidogo ila hapana. Kaboni faiba ni nyepesi na ngumu kweli, lakini vumbi lake ni baya kwa mapafu na linapitisha umeme, likiingia kwenye bodi ya mashine umekwisha.

Na hilo bati linaganda kwa sababu mengi ya mtaani ni alumini laini, inanata kama bablishi. Ukitaka kuchonga alumini siku nyingine ulizia 6061 T6 (alumini ngumu isiyonata hivyo), biti ya jino moja, shuka mm 0.1 au 0.2 tu, huku unadondoshea spiriti kidogokidogo na chenga unazipuliza zisirudi chini ya biti (spiriti inawaka, usivute sigara hapo).

Bati lako usilitupe lakini. Kata kipande cha sm 3 kwa 3 kwa msumeno wa mkono, kiweke pale skrubu ya kamera inapopita, kwa sababu mbao ikibanwa na skrubu inabonyea na baada ya wiki kamera inaanza kucheza. Tundu lenyewe lidondoshee gundi ya epoksi kabla hujafunga, liache likauke usiku kucha.