Packard Patrician ya 1955: kabla hujatuma hiyo advansi, kalale chini yake kwanza

Usitume hiyo dola 1,000. Salamu baadaye.

Mleta mada, nimesoma ulichoandika mara mbili. Umeona Packard Patrician ya 1955, lile gari la kifahari la Kimarekani, huko Indiana, mwenye nayo anataka dola 13,000, kakutumia picha 30, na wewe unataka uikodishe kwenye harusi za watu wetu. Unauliza historia ya Packard, kama ni kweli ilikuwa na hadhi kuliko Cadillac, bima inakwendaje, na kama siku moja unaweza kuipandisha meli mpaka Dar. Halafu katikati umechomeka kasentensi kadogo kana kwamba hakana uzito: "na chini kote ameshaipaka ile rangi nyeusi nzito ya kuzuia kutu, mpya kabisa." Kaka, hako kasentensi ndiko kalikonila dola 11,200. Hayo mengine nitayagusa nikikumbuka.

Packard walikuwa na kaulimbiu waliyoanza kuitumia mwanzoni mwa karne iliyopita: muulize mwenye nalo. Hadithi yake ni kwamba mtu aliandika barua kuomba maelezo ya gari, na James Ward Packard akasema aambiwe akamuulize anayelimiliki. Basi mimi ndiye mwenye nalo. Niulize. Tena kampuni yenyewe ilianzishwa na mnunuzi mwenye hasira kama mimi. Packard alinunua gari la Winton mwaka 1898, likamsumbua, akaenda kulalamika, Alexander Winton akamjibu kwamba kama anajua sana atengeneze la kwake. Akatengeneza. Mwaka 1899, mjini Warren, Ohio, gari la kwanza likatoka. Yeye alipoudhika alizaa kiwanda. Mimi nilipoudhika nilizaa deni.

Sasa sikia ilivyokuwa. Novemba 2018, saa kumi na moja jioni, manyunyu, giza linaingia. Langu, Patrician ya 1955 kama hiyo yako, nililikuta kwenye banda la mzee mmoja, limeegeshwa chini ya taa mbili za manjano. Nyeupe juu, buluu chini. Kromu iliniona kabla sijaiona. Zile taa za nyuma zilizochongoka kama madirisha ya kanisa kuu. Nikafungua mlango, nikaufunga, ukalia kama kabati la bibi yangu. Nikakaa nyuma ya usukani nikaona harusi tupu mbele yangu: Jumamosi 20 kwa msimu, dola 350 kila moja. Pesa ambayo sijaipata nikawa nimeshaipangia matumizi, na mzee ananitazama tu, anajua samaki ameshameza ndoana.

Sikuinama. Hili nalisema kwa kinywa changu ili uone ukubwa wa ujinga. Gari lina miaka 63, limeishi Ohio, ambako wakati wa baridi barabara zinatiwa chumvi kama ng'onda, na mimi sikulala chini kwa sababu nilikuwa nimevaa suruali ya kazini iliyopigwa pasi. Suruali ya dola 40. Nilichuchumaa, nikamulika kwa tochi ya simu, nikaona weusi mtupu unang'aa kama sufuria iliyotoka dukani. Nikamgeukia niliyekwenda naye nikamwambia, "Umeona? Limetunzwa." Nikatoa dola 14,500.

Huyo niliyekwenda naye ana fungu lake hapa. Ni mtu wa kwetu kabisa, ndiye "mjuzi wa magari" wa jumuiya yetu, kila mtu anampigia yeye. Aliniambia, namnukuu, "Kaka, hizi ni chuma za enzi za vita, Stalin alizipenda, haziozi." Stalin kweli alizipenda. Warusi walipotoa ZIS-110, gari la wakubwa wao, walifuata wazi sura ya Packard 180. Lakini Stalin hakuwahi kulipitisha la kwake kwenye chumvi ya Ohio! Mjuzi alichukua dola 400 zangu za ushauri, na baadaye nikaja kujua alichukua 500 nyingine kwa muuzaji. Kula huku na huku, kama popo. Tukikutana msibani ananiita "mzee wa Packard" na kunipiga bega. Siku moja nitaurudishia huo mkono.

Ili uelewe kilichotokea, lazima ujue gari hilo linasimamaje. Patrician ya 1955 haina springi za kawaida kama unazozijua. Ina fimbo ndefu za chuma zinazokimbia chini ya gari, zimefunga gurudumu la mbele na la nyuma la upande uleule, kiasi kwamba la mbele likigonga shimo, fimbo inajipinda na nguvu inakwenda hadi nyuma. Aliyebuni ni William Allison, na mpaka leo watu wanaolijua wanakuambia linapita kwenye mashimo kama mashua. Juu ya hapo kuna mota ndogo ya umeme: ukipakia watu nyuma, mkia ukashuka, inasubiri kama sekunde saba, halafu inaupandisha wenyewe gari likae sawa. Mwaka 1955! Sifa hiyo ni ya haki, siichukui. Ila fimbo zile hukaa zimejipinda kwa nguvu kubwa saa zote, hata gari likiwa limelala gereji, na kinachozishikilia ni chasisi, ile fremu ya chini inayobeba gari zima. Chasisi ikiwa biskuti, mwenyewe malizia.

Harusi ya kwanza ilikwenda vizuri. Ya pili pia, nikaongeza bei. Ya tatu, Juni, bibi harusi na shangazi zake wawili wenye miili ya heshima waliingia nyuma, somo akakaa mbele. Mkia ukashuka. Nikawaambia wageni wasubiri waone. Mota ikahesabu sekunde zake, ikanguruma, mkia ukaanza kupanda polepole, watoto wakapiga makofi, na mimi kichwa kikavimba. Kisha ukasikika mlio kama mtu amevunja muwa kwenye goti. Upande wa kulia wa nyuma ukakaa chini, haukuinuka tena. Hakuna aliyeumia, namshukuru Mungu kwa hilo mpaka leo. Bibi harusi alikwenda kanisani kwa Toyota Sienna ya mjomba wake, miguuni ana kiti cha mtoto. Pesa yao nilirudisha yote, na picha ya shangazi anatolewa mlangoni kwa kuvutwa ilizunguka kwenye magrupu ya WhatsApp mpaka Tanga, ikarudi kwangu ikiwa imeandikwa maneno. Cheka tu. Mke wangu ameshacheka kwa niaba ya ukoo mzima.

Gereji walilipandisha kwenye lifti, fundi akachukua bisibisi akaigusisha kwenye chasisi. Hakugonga, aligusisha tu. Ikazama. Akaivuta, ikatoka na unga wa rangi ya chai. Akaanza kukwangua ile rangi nyeusi niliyoisifia: chini yake puti (ule udongo wa kuzibia matundu), chini ya puti vipande vya bati jembamba vimebandikwa, na chini ya bati hakuna kitu. Hewa. Nilikuwa nimenunua hewa ya Ohio iliyopakwa lami. Yule mzee alijua fika, kwa sababu bati halijibandiki. Nilipompigia alisema yeye aliuza gari "kama lilivyo", na kweli karatasi niliyosaini ilisema hivyohivyo.

Mafundi wawili walikataa kuligusa kwa kuogopa zile fimbo, na siwalaumu. Ukizifungua vibaya zinakuua. Wa tatu alikubali, akakaa nalo miezi minne: kutoa fimbo, kukata chasisi iliyooza, kuchomelea mpya, sakafu mbili, kurudisha. Dola 11,200. Jumlisha na bei yake, 25,700, kwa gari ambalo fundi huyohuyo anasema likiuzwa leo kwa bahati litaleta 16,000.

Kwa hiyo kanuni yangu ni moja na nitaisema mpaka unichoke: kalale chini. Mchana, siyo jioni. Na sumaku mfukoni. Chukua sumaku ya friji, izungushie kitambaa usikwaruze rangi, ipitishe chini ya milango, kwenye matao ya magurudumu, kwenye sakafu ukishainua zulia. Inaposhika ni chuma. Inapodondoka ni puti. Halafu ingia chini na bisibisi, fuata chasisi toka mbele hadi nyuma, hasa pale fimbo zinaposhikwa. Ukikuta rangi nyeusi mpya, mwombe mwenye gari akukwangulie sehemu tatu unazochagua wewe, siyo anazochagua yeye. Akikataa, mwambie asante, rudi nyumbani, umeokoa dola 12,000 na mafuta ya kwenda na kurudi. Mimi leo nikiona gari lenye rangi kuukuu inayobabuka chini, na kutu ya juujuu ninayoiona kwa macho, nafurahi. Lile halina siri. Linalometameta tumboni ndilo linalonipa homa.

Na picha 30 alizokutumia, hesabu ni ngapi zimepigwa kutoka chini. Mimi nimeziona hapo juu. Hakuna hata moja.

Haya, historia uliyoitaka. Henry Joy na wenzake wa Detroit waliingiza pesa, kampuni ikahamia huko 1903, kwenye kiwanda kilichochorwa na Albert Kahn barabara ya East Grand (kile gofu kubwa ulilowahi kuliona kwenye picha, walianza kulibomoa 2022). Mwaka 1915 wakatoa Twin Six, injini ya silinda 12, na 1921 Rais Harding alikwenda kuapishwa ndani ya Packard, rais wa kwanza kwenda kwa gari badala ya farasi. Hadhi? Miaka ya 1920 na 1930 Cadillac ndiyo iliyokuwa inaitazama Packard kwa nyuma. Wakati wa vita walitengeneza injini za ndege za Merlin kwa leseni ya Rolls-Royce, zaidi ya 55,000, ndizo zilizoingia kwenye ndege ya kivita ya Mustang. Mtu hapewi kazi hiyo kwa kubahatisha.

Walipoteleza ni hapa: kwenye mdororo wa uchumi walileta modeli ya 120 mwaka 1935, gari la bei ya chini ya dola 1,000. Liliwaokoa wasife njaa kama kampuni nyingine za magari ya kitajiri, akina Peerless na Pierce-Arrow, lakini baada ya vita waliendelea kuuza jina kubwa kwa bei ndogo, na tajiri akaanza kuona Packard kwa jirani yake karani. Cadillac ikaja na injini mpya ya V8, yaani silinda nane, mwaka 1949. Packard V8 yao ilitoka 1955, wakati watu wameshahama. Bodi za magari yao zilikuwa zinatengenezwa na kampuni ya Briggs, na Briggs ikanunuliwa na Chrysler, kwa hiyo mwaka huohuo wa gari lako walilazimika kubanana kwenye kiwanda kidogo cha Conner Avenue, na ubora ukayumba. Walishaungana na kampuni ya magari ya Studebaker 1954. Juni 1956 Packard ya mwisho ya Detroit ikatoka. Za 1957 na 1958 ni Studebaker iliyovalishwa kanzu ya Packard, usiuziwe kwa bei ya Packard. Ukitaka kuona ilivyokuwa kweli, nenda makumbusho ya Dayton au ya Warren. Kule unaruhusiwa kuangalia kromu, hakuna anayekuuzia.

Jambo dogo kabla sijasahau: betri ya gari hilo ni volti 12, lakini chanya ndiyo inayofungwa kwenye bodi, siyo hasi. Shemeji yangu alikuja kunisaidia kuliwasha kwa waya za Corolla yake. Tuliona cheche. Hatuongei sana siku hizi.

Kuhusu bima ngoja wengine wajibu, na meli ya Dar hebu tuiache kwanza, gari lenyewe hujajua kama lina sakafu. Mwambie huyo muuzaji wako wa Indiana unakuja Jumamosi saa nne asubuhi na humtumii senti. Mimi Jumamosi hii sina zamu, natoka Ohio mapema, tukutane hapohapo. Wewe utapiga naye stori za mke wake marehemu aliyelipenda sana gari, maana lazima atakuwa nazo, na mimi nitakuwa chini. Niletee tu kipande cha zulia kuukuu cha kulalia.