Misalaba Myekundu ya Seoul Isiwadanganye

Kila mwaka, dirisha la ufadhili wa masomo wa serikali ya Korea Kusini likifunguliwa, maswali kutoka nyumbani ni yale yale. Kijana anauliza kama huko ni nchi ya Kikristo, ya Kibudha au ya wapagani. Mama yake anauliza kama kuna usalama, maana kila akiwasha redio anasikia rais wao katiwa ndani. Tunawajibu wote wawili hapa, bila kupaka rangi. Wengi wanaokwama huku hawashindwi na baridi wala kimchi, kabichi yao kali iliyochachushwa. Wanakwama kwa sababu walikuja wakijua bei ya chumba na masharti ya viza, huku hawajui watu wenyewe wametokea wapi.

Tuanze na dini, kwa kuwa ndiyo inayopotosha zaidi. Usiku ukisimama kwenye kilima chochote cha Seoul utahesabu misalaba myekundu ya taa mpaka uchoke. Mgeni anahitimisha kwamba kafika kwa walokole wenzake. Sensa ya mwaka 2015 inasema vingine: asilimia 56 ya watu walisema hawana dini yoyote. Waprotestanti walikuwa karibu asilimia 20, Wabudha 15 na nusu, Wakatoliki karibu 8. Kwa hiyo mwanafunzi mwenzako maabara, kwa uwezekano mkubwa, hasali popote, na ukimuuliza "wewe dini gani?" siku ya kwanza ataona umemwingilia. Umri wako atakuuliza bila aibu. Hilo tutalifikia.

Ukristo wa Korea una asili isiyofanana na wetu. Haukuletwa na wamisionari waliotangulia bendera ya mkoloni. Wasomi wa Kikorea walisoma vitabu vya Kikatoliki vilivyotoka China, wakajadiliana, kisha mwaka 1784 mmoja wao, Yi Seung-hun, akabatizwa Beijing na kurudi kubatiza wenzake. Kwa miaka kumi waliendesha kanisa bila padre. Mgogoro ulipolipuka haukuhusu Utatu wala Bikira Maria, ulihusu marehemu. Mwaka 1791 Yun Ji-chung, mmoja wa waumini hao, alikatwa kichwa kwa kuchoma vibao vya mizimu ya ukoo na kukataa kumfanyia mama yake matambiko ya mazishi. Mateso makubwa yakafuata mwaka 1801, 1839 na 1866. Wafiadini 103 wa kipindi hicho walitangazwa watakatifu na Papa Yohane Paulo II jijini Seoul mwaka 1984. Roma yenyewe ililegeza msimamo kuhusu kuinamia wahenga mwaka 1939. Ndiyo maana leo Mkatoliki wa Kikorea anainama mbele ya picha ya babu yake bila wasiwasi, na Waprotestanti wengi hawainami. Familia yenye wote wawili hutibuana kila sikukuu ya mavuno, Chuseok.

Waprotestanti walifika mwaka 1884 na 1885, Wamarekani, na silaha zao zilikuwa hospitali na shule. Kitovu chao kilikuwa Pyongyang. Ndiyo, hiyo hiyo ya Kim, mji mkuu wa Korea Kaskazini ya leo. Uamsho mkubwa wa 1907 ulitokea pale, na mji ukaitwa Yerusalemu ya Mashariki. Japani ilipoitwaa nchi mwaka 1910, makanisa yakawa maficho ya utaifa: kati ya watu 33 waliotia saini tangazo la uhuru la Machi 1, 1919, Wakristo walikuwa 16. Kisha ukaja mgawanyo wa nchi, kaskazini na kusini, mwaka 1945 na vita vya 1950 hadi 1953. Wakristo wengi wa kaskazini wakakimbilia kusini na kufungua makanisa upya, wakiwa na chuki na ukomunisti iliyotokana na walichopoteza.

Hapo ndipo unapata maelezo ya kitu kitakachokushangaza Jumamosi katikati ya Seoul: wazee wamebeba bendera ya Korea na ya Marekani mkono mmoja, wanaimba nyimbo za kanisani na kulaani "wakomunisti". Usidhani ndio Wakristo wote. Ukristo huo huo una upande wa pili. Kanisa kuu la Kikatoliki la Myeongdong, Seoul, lilikuwa kimbilio la wanafunzi waliopinga udikteta mwaka 1987, na polisi hawakuthubutu kuwafuata ndani.

Ukiamua kwenda kusali, utapokewa vizuri mno. Makanisa makubwa yana ibada ya Kiingereza, baada yake kuna chakula cha mchana cha bure au cha bei ya chini, na kila alfajiri kuna sala ya saa 11. Lakini mjihadhari na hili, maana linawanasa wageni kuliko jambo lolote. Watu wawili wanakusimamisha nje ya stesheni, wapole, wanasifu Kiingereza chako, wanakuomba ujaze dodoso au wanakualika kwenye "utamaduni wa Kikorea". Ukifika unavalishwa vazi la jadi, unafanyishwa tambiko, unaombwa mchango. Aina ya pili ni mafunzo ya Biblia yasiyofanyika kanisani. Dalili zake ni tatu: darasa liko kwenye ghorofa lisilo na bango, unaambiwa usimwambie mtu mpaka "uelewe", na kozi inachukua miezi, siku kadhaa kwa wiki. Kanisa la kweli halikufichi. Ukiona hata dalili moja, toka, na usiache namba ya simu.

Sasa tufike kwenye kinachotawala hasa, ambacho sensa haikionyeshi. Ukoo wa Joseon ulitawala kuanzia 1392 hadi 1910, na ulichagua mafundisho ya Konfusio, mwanafalsafa wa kale wa China, kuwa mwongozo wa dola. Ubudha, uliokuwa dini ya watawala waliotangulia, ukasukumwa nje ya miji. Watawa walipigwa marufuku kuingia Seoul hadi 1895. (Mkipanda mlima na kukuta hekalu zuri kule juu, msidhani walifuata mandhari tu. Walifukuzwa.) Miaka mia tano ya kufundishwa kwamba mtoto yuko chini ya baba, mdogo chini ya mkubwa na raia chini ya mfalme haifutwi na simu janja.

Ndiyo maana ya swali la umri. Mkorea hawezi kufungua mdomo vizuri kabla hajajua nani mkubwa, kwa sababu vitenzi vyenyewe vinabadilika. Sisi tuna shikamoo, kisha baada ya marahaba tunaongea lugha ile ile. Wao shikamoo imeingia ndani ya kila sentensi. Chukua swali la "umekula?" peke yake. Kwa rafiki wa rika lako: *bap meogeosseo*. Kwa mtu unayemheshimu kazini: *siksa hasyeosseoyo*. Kwa bibi: *jinji deusyeosseoyo*. Hata neno la chakula ni tofauti mara zote tatu. Na neno *chingu*, rafiki, kwa kawaida ni wa mwaka wako wa kuzaliwa. Aliyekuzidi mwaka mmoja ni kaka au dada. Tangu Juni 2023 sheria inahesabu umri kama sisi, lakini ngazi haijaguswa.

Profesa usimwite kwa jina, hata akikuambia kwa Kiingereza kwamba haina shida. Ni *gyosunim*. Bosi ni cheo chake na *-nim* mwishoni. Usimpinge kikaoni mbele ya wengine. Mwendee baadaye, peke yake, useme "nina swali". Vijana wetu wenye akili nyingi wameharibu hapa, si kwa kukosea hoja, kwa kuwa nayo sahihi mbele ya watu. Ongezeni na jeshi: karibu kila mwanaume uliye naye ofisini ametumikia mwaka mmoja na nusu au zaidi kwa lazima, na mengi mtakayoyaona kazini, amri kushuka na mdogo kukaa mpaka mkubwa aondoke, yamepitia kambini.

Mezani, pokea na kumimina kwa mikono miwili. Mkubwa akikumiminia pombe, unageuza uso pembeni unapokunywa. Usiyekunywa sema mwanzoni kabisa kwamba ni dini, kisha jaza soda kwenye glasi ile ile ndogo na ugonge na wenzako. Kinachowaudhi ni kukaa pembeni bila glasi.

Pahala pa kuona haya yote kwa pamoja ni msibani, na mtaalikwa mapema kuliko mnavyodhani, maana mzazi wa mwenzako wa ofisini ni msiba wa ofisi nzima. Msiba hauko nyumbani, uko kwenye kumbi zilizo ndani ya hospitali, siku tatu. Vaa nyeusi, na soksi zisizotoboka, viatu vinavuliwa. Ubao wa lango unaonyesha picha ya marehemu na namba ya chumba. Bahasha nyeupe zipo pale pale mlangoni. Rambirambi huwa won 30,000, 50,000, 70,000 au 100,000. Mwenzako wa kazi wa kawaida ni 50,000, wa karibu ni 100,000. Usiweke 40,000, kwa sababu nne na kifo vinatamkwa sawa. Jina lako linaandikwa nyuma ya bahasha, chini kushoto, kwa kushuka wima. Tia saini kitabu, tumbukiza bahasha, ingia.

Mbele ya picha, unawasha kijiti kimoja cha ubani na kuzima mwali kwa mkono, usipulize. Unainama hadi chini mara mbili, kisha nusu mara moja. Mwanaume hukunja mkono wa kulia juu ya wa kushoto, kinyume cha siku za kawaida. Halafu unageukia wafiwa mnainamiana mara moja. Muislamu au mlokole asiyeinama kwa binadamu asitoroke: aweke ua jeupe la krisanthemumu kama yapo, asimame kimya ameinamisha kichwa, kisha awasalimu wafiwa. Hakuna atakayekulaumu. Baada ya hapo kaa ule supu nyekundu ya nyama. Kuondoka bila kula si vizuri. Mkinywa, msigonge glasi. Zaidi ya asilimia 90 ya marehemu sasa huchomwa, jambo ambalo mababu wa Joseon wangeliona balaa.

Chini ya Konfusio kuna safu ya zamani zaidi, na Wakorea huizungumzia kwa kicheko lakini huifanya. Duka jipya likifunguliwa utakuta meza, juu yake kichwa cha nguruwe kilichochemshwa, watu wanainama na kumtia noti mdomoni ili biashara iende. Waganga wapo na wana wateja wa tai na suti. Asiyetaka kuinama asimame nyuma. Basi.

Waislamu wanaouliza: msikiti mkuu uko Itaewon, mtaa wa Seoul, ulifunguliwa mwaka 1976 kwenye kiwanja kilichotolewa na serikali ya Park Chung-hee, wakati Korea inahitaji mafuta na kandarasi za ujenzi Uarabuni. Kabla ya hapo, wanajeshi wa Kituruki waliokuja vitani ndio waliowaonyesha Wakorea wa kwanza Uislamu. Msitegemee kwamba kila mji utawapokea hivyo. Mjini Daegu, karibu na chuo kikuu cha Kyungpook, wanafunzi walipata kibali cha kujenga msikiti mdogo mwaka 2020, majirani wakapinga, kazi ikasimamishwa. Mahakama ya juu kabisa ya nchi iliwapa Waislamu haki mwaka 2022, na bado vichwa vya nguruwe viliwekwa mbele ya kiwanja. Kwenye chakula, adui wenu ni nyama ya nguruwe aina ya ham iliyokatwa vipande vidogo, hasa ndani ya kimbap, wali uliofungwa kwa mwani. Na *budae jjigae*, mchuzi uliozaliwa njaani baada ya vita kwa soseji na nyama za kopo kutoka kambi za Wamarekani, muuache.

Mama anayeogopa siasa: nchi hii imepinduliwa mara mbili na majenerali, Park mwaka 1961 na Chun Doo-hwan mwaka 1979. Mei 1980 jeshi liliua raia mjini Gwangju. Juni 1987 umati ulilazimisha uchaguzi wa moja kwa moja, rais awe wa miaka mitano, muhula mmoja tu. Kwa hiyo Desemba 3, 2024, Rais Yoon Suk Yeol alipotangaza utawala wa kijeshi karibu saa 4 na nusu usiku, watu walijua la kufanya. Wabunge waliruka uzio, raia wakazuia askari, na kama saa 7 usiku wabunge 190 kati ya 300, wote waliokuwa ndani, walipiga kura kulifuta tangazo hilo. Alfajiri limekwisha. Aprili 4, 2025 mahakama ya katiba ikamwondoa, majaji wote 8 kwa kauli moja. Marais kufungwa kwao, kwa maoni yetu, ni dalili ya afya zaidi kuliko ugonjwa, ila hilo mtabishana wenyewe.

Nyinyi wenyewe lakini msiingie. Sheria ya uhamiaji, kifungu cha 17, inamkataza mgeni shughuli za siasa, na kurudishwa nyumbani kunawezekana. Kutazama maandamano ukiwa kando ni sawa. Kubeba bango, hapana. Usimuulize mtu wa Daegu na mtu wa Gwangju, miji yenye siasa zinazopingana, kura zao kwenye meza moja. Ipo pia sheria ya usalama wa taifa ya mwaka 1948: kusifia utawala wa Kaskazini ni kosa, hata kwa kusambaza tu mtandaoni. Hili linawahusu Watanzania zaidi, kwani tuliitambua Kaskazini mwaka 1965 na Kusini tukaisubirisha hadi 1992, na picha za Mwalimu akiwa Pyongyang bado zinazunguka kwenye magrupu ya familia. Huku wenyewe wanaiita nchi yao *Hanguk* na ile nyingine *Bukhan*. *Joseon* ndilo jina ambalo Kaskazini inajiita, kwa hiyo nje ya darasa la historia msilitumie.