Maswali ya Wasomaji: Uwezekano kati ya malimwengu yasiyo na idadi

SWALI: Kama malimwengu ni mengi yasiyo na mwisho, kwa nini wataalamu wasihesabu yanayofanana na letu, wakagawanya kwa yote, wakapata uwezekano?

JIBU: Ugumu uko hapo hapo kwenye kugawanya. Katika nadharia ya mfumuko wa milele, iliyoasisiwa na Alexander Vilenkin na Andrei Linde miaka ya 1980, anga haiachi kutanuka na mapovu ya malimwengu mapya huzaliwa daima. Yanayofanana na letu hayana mwisho, na yasiyofanana nalo vilevile.

Chukua namba kuanzia 1. Ukizipanga 1, 2, 3, 4, nusu yake ni shufwa. Sasa weka witiri mbili, shufwa moja: 1, 3, 2, 5, 7, 4, 9, 11, 6. Hakuna namba iliyoachwa wala kurudiwa, lakini shufwa zimekuwa theluthi! Kilichobadilika ni foleni tu. Mapovu nayo hayana foleni ya asili, maana nadharia ya Einstein haitambui saa moja ya kutawala kote.

Basi mtafiti huchagua saa, hukata hesabu inapofika wakati fulani, hutafuta uwiano, kisha husogeza kikomo mbele bila kuacha. Saa ya sekunde za kawaida ndiyo humjia mtu kwanza, nayo hufeli vibaya. Anga ikijizidisha kila baada ya sekunde 10⁻³⁷ hivi, mapovu yaliyozaliwa sekunde moja baadaye huwazidi watangulizi wao kwa namba yenye tarakimu zaidi ya 10³⁶. Karibu kila mtazamaji angejikuta katika ulimwengu mchanga kupindukia, si huu wetu wa miaka bilioni 13.8.

Afadhali saa inayopiga kwa kiasi cha kutanuka kwenyewe: kila pigo huzidisha ujazo mara 20 hivi tu, na kasoro ya uchanga huondoka. Hata hivyo, ombwe (anga tupu, ambayo nayo ina nishati yake) likidumu mno, akili zenye kumbukumbu za uongo zitaibuka humo kwa bahati nasibu na kutuzidi idadi sisi tuliotokana na mageuzi. Saa hii inafaa iwapo tu ombwe huoza, yaani hugeuka kuwa hali nyingine, kabla ya hapo, na sharti hilo ni zito.

Mwaka 1987 mwanafizikia Steven Weinberg alilikwepa tatizo kwa ustadi. Alitazama kipande chembamba tu cha thamani za nishati ya ombwe, zile zinazoruhusu galaksi kuundwa, akazichukulia kuwa na uwezekano sawa. Vipimo vya supanova (nyota zinazolipuka) vya 1998 vilikuta thamani ndogo isiyo sifuri, ndani ya mipaka ya aina hiyo. Lakini huo usawa wenyewe hutegemea saa iliyochaguliwa.